Nyonga Mbili za Kondoo wa Satarkul

Katika bonde letu la Wakirgizi, ukitaka kujua nani mkubwa wa dunia, usijisumbue na redio. Nenda karamuni, keti karibu na mlango, kisha utazame nyonga ya kondoo inawekwa mbele ya nani.

Si maneno yangu hayo. Ni ya Satarkul, mgawa mifupa wetu, na mtu aliyegawa nyama katika arusi, tohara na matanga tangu masharubu yake yakiwa meusi ana haki ya kusema analolijua. Watu wa mjini siku hizi hukata nyama vipande vipande wakaipakua kwa mwiko, kila mtu na bahati yake. Sisi hatujafika huko. Kwetu kila mfupa una mwenyewe. Nyonga ni ya mkubwa wa shughuli, na kwa kuwa kondoo ana nyonga mbili, ya pili humwendea anayemfuata. Mapaja ni ya wanaume wazima, kiuno ni cha mama mwenye heshima zake, mbavu ni za vijana wasio na la kusema. Ukimwekea mtu mfupa usio wake umemtukana mbele za watu, na ng'ambo ya mto kuna nyumba mbili ambazo hadi leo hazizikani kwa ajili ya bega moja lililokosea bakuli. Ndiyo maana kisu cha kugawia hakishikwi na kila mwenye mikono.

Ujanani Satarkul alikuwa mchungaji wa shamba la ushirika, na zama hizo nyonga haikuwa na mjadala. Akija mkaguzi kutoka Moscow, na kila kiangazi alikuja mmoja, nyonga ilikuwa yake hata kama ndevu hazijamwota. Mkaguzi angeigeuza, angeing'ata pembeni kama mtu anayeonja dawa, kisha angeisukuma kando, huku mzee mwenye haki nayo akiitazama na kumeza mate. Hakuna aliyenung'unika. Mwenye nguvu mpishe. Satarkul mwenyewe, alipojaliwa mtoto wa kiume, aliona ni busara ampe jina la kwenda na wakati. Akamwita Melis, jina lililofumwa kwa herufi za mwanzo za Marx, Engels, Lenin na Stalin. Mkewe Batma alitaka jina la babu yake. Mpaka leo hajaacha kumkumbusha.

Mtoto hajaanza hata shule vizuri, dola ile ya Moscow ikafa. Huku kwetu haikutoa kishindo. Hakuna aliyepanda farasi kuja kutangaza. Ila siku moja, kwenye matanga ya mama mmoja wa kijiji cha juu, Satarkul alishika nyonga mkononi, akaangaza macho kitambaa kizima cha chakula kilichotandikwa sakafuni, asimwone mgeni yeyote wa kutoka Moscow. Mkono ukabaki hewani. Mwishowe akamwekea Omurzak, mchungaji mzee asiye na jino hata moja.

"Wamekwenda wapi?" mzee akauliza, akiitazama nyonga kama anayehofia itanyang'anywa.

"Sijui, mzee wangu. Wewe kula."

Ilipita miaka kadhaa ya wazee wetu kula nyonga zao kwa raha, maana hakukuwa na mkubwa mwingine. Njaa ilikuwepo, tena kali, lakini nyonga zilikuwa zetu. Kisha wakaja Wamarekani. Walileta unga, walileta mabomba ya maji, walipaka shule rangi, na ndege zao zilitua karibu na mji mkuu zikatikisa vioo vya watu. Nyonga ikahamia kwao. Walikuwa wapole, wakisema asante hata kwa kupewa kijiko. Baadaye ndege zikaondoka, na kutoka upande wa milima ya mpakani wakaanza kushuka Wachina na mitambo yao ya manjano, wakipasua barabara pale ambapo mbuzi alikuwa akifikiri mara mbili kabla ya kupita. Sasa kwenye karamu ya mwenyekiti wa kijiji nyonga ya kwanza ikawa ya mhandisi, na Mmarekani, kama yupo, akapewa ya pili.

"Umeona?" Jolchu akamwambia Satarkul siku hiyo wakirudi nyumbani. Jolchu ni jirani yake, dereva wa trekta wa zamani, na kila asubuhi husikiliza habari za dunia nzima ili mchana amlishe nazo jirani yake. "Mmarekani kwisha habari yake. Aliye juu mngoje chini."

"Mimi hugawa, sitabiri."

"Lakini anashuka au hashuki?"

"Amepewa nyonga ya pili, Jolchu. Wewe umepewa nini?"

Jolchu alikuwa amepewa ubavu.

Hivyo ndivyo Satarkul alivyoyachukulia mambo ya wakubwa, kwa kicheko na kwa kisu kikali, na angeendelea hivyo hadi kaburini kama wakubwa hao wasingeingia nyumbani kwake kupitia kwa watoto.

Anao wawili. Mkubwa ni Zuura, daktari wa mifugo, mwanamke mwenye mkono mrefu wa kuzalishia ng'ombe na ulimi mrefu zaidi. Alifanya kazi katika mradi wa Wamarekani wa kutunza ng'ombe na kondoo wa milimani, chini ya mzee mmoja mrefu aitwaye Wendell. Wa pili ni Melis. Huyu alijifunza Kichina sokoni, akibeba mizigo, na sasa ni dereva na mkalimani wa Geng, mhandisi wa barabara. Nyumba zao zinatazamana, na ya baba iko katikati, upande wa juu.

Utotoni walikuwa kama ulimi na meno. Siku ya mwaka mpya wetu, yaani mwaka jana majira ya machipuo, walikaa kula kwa baba yao na Melis akaanza mzaha. Ulikuwa mzaha mwanzoni, hilo watu wote wanashuhudia.

"Dada, angalia humu ndani. Birika la Wachina. Simu ya Wachina. Hata gari la mradi wenu, matairi yake umeyasoma? Mmarekani amebakiza stika tu mlangoni."

"Na bosi wako mtoto wake anasoma wapi?" Zuura akajibu. "Si Marekani? Mtu hapeleki mwanawe kwenye nyumba inayobomoka."

"Anampeleka akachukue ujuzi kabla haijabomoka."

"Aa, basi mngoje chini. Utangoja mpaka uote mizizi."

"Sihitaji kungoja. Barabara inapita hapa hapa, tembea uione. Ninyi miaka yote mmeleta nini? Semina!"

"Tumeleta chanjo iliyookoa ng'ombe wa baba yako. Wewe umeleta vumbi." Kisha, kwa kuwa ulimi hauna mfupa, akaongeza: "Umekuwa farasi wao, Melis. Wanakupanda, wanakufunga, na wewe unafurahia majani. Si ajabu. Hata jina lako ni la dola iliyokufa, umezoea kubebeshwa."

Kwetu unaweza kumwita mtu punda, akacheka. Farasi tunampenda mno, kwa hiyo kumwita mtu farasi wa mwingine ni kusema ana mwenyewe. Melis aliweka bakuli chini, akatoka.

Hilo lingepona. Lakini kabla ya kiangazi kuisha, fedha za mradi zilikatwa huko Marekani, ofisi ya mkoa ikafungwa, na Zuura akarudi nyumbani na sanduku la sindano na koti jeupe. Akabakizwa mzee Wendell peke yake, amalizie chanjo za mwisho kwa gari moja. Jioni ile Zuura aliketi jikoni kwa mama yake, macho mekundu. Melis akaingia, akamtazama, na badala ya kusema pole dada, akasema neno moja tu:

"Nilikuambia."

Tangu siku hiyo Zuura hakumjibu tena kwa lolote, na Melis naye akafunga mdomo wake upande wa dada. Chumvi ikiwa mbele ya Melis, Zuura angesema, "Mama, mwambie mwanao anipitishie chumvi." Na Melis angemjibu mama, "Mwambie bintiyo hiyo hapo." Na Batma, katikati, akiwa na umri wa kupumzika, akawa bomba la kupitishia maneno ya watu wazima wawili wenye watoto wao.

Satarkul ilimuuma. Nasema ilimuuma, si ilimkera. Usingizi ulimpaa. Alizoea kuwaona wakubwa wakija na kuondoka, lakini watoto alikuwa nao hao hao, na kila akiwatazama aliona jinsi watakavyosimama pande mbili za kaburi lake bila kusalimiana. Alimwomba Jolchu aingilie kati. Jolchu akatikisa kichwa. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nitawaingia vipi? Na Melis ana haki, Mmarekani amekwisha."

"Sikukuuliza Mmarekani!" Satarkul akafoka.

Vuli hii alikuwa akitimiza miaka sabini, na watoto wakaamua, kila mmoja kwa mama yake, kwamba baba afanyiwe karamu. Batma akamuuliza mumewe anataka zawadi gani. Farasi? Joho jipya?

"Nataka waongee," akasema.

"Hiyo haiuzwi sokoni, mzee."

"Basi sitaki kitu."

Siku chache baadaye Zuura alimfuata baba yake zizini. "Baba, nimemwalika mzee Wendell. Mwezi ujao anarudi kwao moja kwa moja. Ametutibia mifugo miaka yote hii. Nakuomba umwekee nyonga ya kwanza. Najua wanamsema kijijini. Nataka waone kwamba hatukumtupa."

"Nimesikia, mwanangu."

Siku hiyo hiyo Melis alimkuta baba yake mtoni. "Baba, Mhandisi Geng anakuja. Amekubali, na si mtu wa kukubali karamu. Wiki ijayo wanachagua msimamizi wa kambi mpya, na mimi nimo kwenye wanaofikiriwa. Akiona amewekewa nyonga ya pili nyuma ya mtu anayefungasha virago, nitaficha wapi uso wangu?"

"Nimesikia, mwanangu."

Usiku mmoja mzima aligeuka kitandani kama chapati. Alfajiri Batma akamsikia akicheka peke yake gizani.

"Una nini?"

"Mungu alimpa kondoo nyonga mbili," Satarkul akasema. "Alijua dunia itakuwa na wakubwa wawili. Nitaziweka kwa pamoja, hii mkono huu, hii mkono huu. Hakuna ya kwanza, hakuna ya pili!"

Na kwa kuwa hakuna mgawa mifupa aliyewahi kufanya hivyo, alifanya mazoezi. Batma alimkuta amepiga magoti sakafuni, mito miwili mbele yake badala ya wageni, ameshika kiatu kila mkono, akivishusha taratibu ili visipishane.

"Cha kulia kimetangulia," Batma akamwambia.

"Hakikutangulia!"

"Kimetangulia, mzee. Mchina ameona." Akaenda zake akicheka hadi machozi, na Satarkul akaanza upya.

Siku ikafika, siku nzuri ya jua kavu, milima imevaa vilemba tu vya theluji. Melis alimchinja kondoo, Zuura aliosha matumbo na kulinda sufuria, na walifanya kazi hiyo bega kwa bega asubuhi nzima bila neno, wakipishana kama watu wasiojuana. Wageni wakaanza kuingia. Wendell alikuja amevaa kofia yetu nyeupe ya sufu, ameinama mlangoni kwa kuzoea. Geng alikuja na koti safi na katoni ya majani ya chai, mtu mfupi, mnene, mwenye uso wa kulala. Satarkul akawaketisha wote wawili nafasi ya mbele, mkabala na mlango, bega kwa bega, na Jolchu akajisogeza kadiri alivyoweza ili asipitwe na historia.

Nyama ilipoiva Batma aliiopoa, akaipanga kwenye sinia kubwa la mbao, akaifunika kitambaa isipoe. Jikoni pakawa na pitapita. Huyu anataka chumvi, yule anataka kuni, mwingine anafuata maandazi. Ndani watu walikunywa chai na maziwa ya farasi, wakasema maneno mazuri juu ya mwenye siku yake, mengine ya kweli.

Zuura alikaa upande wa Wendell na Melis upande wa Geng, kila mmoja akimtafsiria wake, na ilikuwa ajabu kuona: hotuba ya Jolchu iligawanyika mara mbili, ikapita masikio ya wageni kwa lugha mbili, na wafasiri hawakutazamana.

Kisha mikono ikaoshwa, sinia likaletwa, na Satarkul akapiga magoti. Akasema bismillahi. Akavuta kitambaa.

Mkono wake unajua njia. Ulikwenda moja kwa moja pale ambapo nyonga hukaa, chini ya mapaja, upande huu na upande huu. Ukakuta ubavu. Akatafuta tena. Akainua bega, akainua shingo, akasogeza mapaja. Akahesabu kimoyomoyo. Kondoo alikuwa na kila kitu alichoumbiwa, isipokuwa nyonga.

Zote mbili.

Jasho lilimtoka Satarkul chini ya kofia. Miaka yote hiyo hajawahi kukosa mfupa. Aliinua macho, na watoto wake ndio wa kwanza aliowaona, kwa kuwa nao walikuwa wakilitazama sinia. Melis alikuwa mwekundu, na Zuura mweupe. Melis akainua macho kumtazama Zuura. Zuura akamtazama Melis. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana tangu siku ya sanduku la sindano.

Zuura akanyanyuka. "Maandazi," akasema bila kumwambia mtu, akatoka.

"Kuni," akasema Melis, akatoka.

Wageni walibaki bila wakalimani. Sote tukaitazama nyama. Hapo Wendell, ambaye Kikirgizi chake ni cha kuzungumza na ng'ombe, akainama kwa Geng, ambaye Kikirgizi chake ni cha kuzungumza na vibarua, na kwa kuwa hawakuwa na lugha nyingine wakatumia hicho.

"Mimi goti baya," Wendell akasema, akijipapasa. "Kukaa chini, baya."

Geng akafikiri. Uso wake ukaamka. "Mimi pia! Goti lipi?"

"Hili."

"Mimi hili!" Na akalinyoosha mbele ya nyama bila haya, Wendell naye akalinyoosha lake, miguu miwili ikalala sambamba kwenye kitambaa cha chakula. Geng akatoa mfukoni dawa ya kuchua yenye harufu ya kutoboa pua, akamwonyesha jinsi ya kuipaka. Jolchu akawaangalia kwa masikitiko makubwa, kama mtu aliyekuja kutazama ng'ombe wakipigana akawakuta wamelala kivuli kimoja.

"Naona kisu kimekuwa butu," Satarkul akasema kwa sauti. "Nakwenda kukinoa." Na akatoka nacho, kisu ambacho kingeweza kunyoa mtoto.

Alizunguka nyumba kwa hasira. Mtu aliyemwaibisha siku yake ya miaka sabini, alikuwa na maneno yake tayari, na maneno hayo siwezi kuyaandika. Alipofika mlango wa nyuma wa jikoni alikuwa ameshafungua mdomo.

Ndani, Zuura alikuwa anainuka kutoka kwenye kasha la unga. Nyonga ilikuwa mkononi mwake, imefungwa leso, nyeupe pe kwa unga, na yeye unga hadi viwikoni. Wakati huo huo Melis akaingia kwa mlango wa zizini, anahema, ameshika nyonga ya pili iliyojaa majani makavu, na bua moja limekwama kwenye nywele zake. Wakasimama.

Satarkul akafunga mdomo, akarudi hatua moja nyuma ya ukuta.

Aliisikia sufuria ikitokota. Ndipo akasikia sauti ya binti yake, kavu, kama ya mtu aliyesahau njia:

"Hiyo ni nini?"

"Nyonga," Melis akasema.

"Ya kondoo gani?"

"Wa baba yako. Na hiyo yako?"

"Wa baba yako."

Zuura akazitazama nyonga zote mbili.

"Mwizi wewe," Zuura akasema.

"Mwizi mwenyewe! Mimi nilichukua moja tu. Nilijua ikibaki moja Baba atampa Geng, ndiye mkubwa kwa umri."

"Nani kakwambia? Wendell anamzidi. Na mimi nilichukua moja tu, nilijua ikibaki moja Baba atampa anayemjua siku nyingi."

"Kwa hiyo umewanyima wote wawili."

"Nimewanyima mimi? Hebu jitazame kichwani kwanza, una bua."

Melis akajipapasa upande usiokuwa na bua. Zuura akasema huko siko, upande wa pili, hapana, juu, na mwishowe kwa hasira akamwendea na kulitoa mwenyewe, akamwachia mstari wa unga usoni kuanzia paji hadi shavuni. Akamtazama. Akajaribu kujizuia. Kicheko kikamtoka puani, kile kicheko chake kibaya cha utotoni cha kukoroma kama nguruwe, na Melis akakishika hapo hapo, wakacheka wakishikilia kasha la unga, wakinyamazishana, "Shh, wageni, shh," na kuanza tena.

Kisha kicheko cha Zuura kikabadilika sauti.

"Uliniambia 'nilikuambia'," akasema. "Siku ile, Melis. Ningekuwa nimevunjika mguu ungenipa mkono. Nimevunjika kazi, ukanihesabia bao."

"Najua."

"Hujui."

"Najua, dada. Nilifika mlangoni kwangu nikataka kurudi. Nikasema kesho. Kesho nikaona haya, keshokutwa nikaona haya zaidi. Halafu..." Akapangusa majani kwenye nyonga. "Halafu ulikuwa umeniita farasi."

"Nilikuita."

"Sijui kama hukusema kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Geng ni mtu mwema, lakini kuna siku naendesha gari nawaza, wakimaliza barabara, mimi nani?"

"Wewe ni mpumbavu mwenye bua kichwani," Zuura akasema, akilia sasa waziwazi. "Wewe ni mdogo wangu, utakuwa nani mwingine?"

Nje, Satarkul aligundua kuwa bado ameshika kisu hewani. Akakishusha. Maneno yake yote makali yalikuwa yamekwenda, hakujua yamepitia wapi. Kulikuwa na ndoo imepinduliwa kando ya ukuta. Akaiketia, mgongo kwenye udongo uliopata joto la jua, akaegemeza kichwa. Ndani walikuwa wameanza kubishana juu ya kuziosha nyonga au kuzipeleka hivyo hivyo na unga wake, na Melis anasema unga haudhuru, na Zuura anasema wewe ulikua unakula udongo, utajua nini. Hakuwahi kusikia ubishi mtamu kama huo.

Batma akatokea kwenye kona akimtafuta, mikono kiunoni.

"Mzee! Una wazimu? Watu wamekaa, nyama inapoa. Mmarekani yuko pale, Mchina yuko pale, wanakungoja wewe!"

Satarkul akaweka kidole mdomoni. Akasogea pembeni ya ndoo kumpa nafasi mkewe, akamwashiria ukuta. Batma akasikiliza. Kisha akaketi, nusu juu ya ndoo na nusu juu ya mumewe, akamshika mkono wenye kisu.

"Waache wangoje," Satarkul akanong'ona.